Nilivyoifuta Sauti ya Spika

Mtu yule aliingia dukani bila kubisha hodi.

Nilikuwa nimeinamia kompyuta, nikasikia tu kiti cha wateja kinalia. Kugeuka, nikamwona mwanamume mrefu, skafu shingoni ilhali jua linachoma, anaandika kwenye daftari la shule.

"Karibu kaka. Nikusaidie nini?"

Aliinua kidole kimoja, maana yake subiri, akaendelea kuandika. Kisha akanigeuzia daftari.

"Ningebisha hodi," liliandikwa, "lakini hodi yangu ilibaki hospitali."

Sikujua nicheke au nimpe pole. Nikafanya vyote viwili kwa mpigo, nikaonekana mjinga.

Akaandika tena: "Cheka tu. Pole zimejaa nyumbani, hatuna pa kuziweka."

Nyinyi mliokuwa nami tangu mwanzo mnaijua mikosi yangu, sitawachosha. Nilihitimu chuo na matumaini ya kujaza gunia. Nikaajiriwa stoo ya dawa siku tisa, ya kumi nikafukuzwa kwa kumtetea mlinzi. Kompyuta yangu ya mkononi ikaondoka na mwizi, naye akaniaga kwa adabu: "Asante, msomi." Mimi nanyi tulipoachana kwenye simulizi ya wiki iliyopita, dada yangu alikuwa amenipa kochi la sebuleni kwake, na mumewe, Shemeji, amenipa kiti dukani.

Kiti hicho ndicho nilichokalia Jumatano ile.

Shemeji hutengeneza kompyuta, lakini siku hizi riziki yake ilikuwa kwenye gemu za zamani. Zile gemu za CD tulizozichezea hadi vidole vikaota sugu, mashine zake zimeshakufa. Ila kompyuta inaweza kufundishwa kuiga mashine ile, nayo gemu ikacheza kama vile haijapata habari za msiba.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuieleza. Naingiza CD. Kompyuta inaisoma na kunipa mafaili makubwa, pamoja na faili moja dogo la maandishi. Hilo dogo ni orodha tu: gemu yenyewe iko kwenye faili lipi, muziki uko kwenye yapi. Kisha programu nyingine inaisoma orodha na kuyabana mafaili yote yawe faili moja, jepesi karibu nusu, bila kupotea hata nukta.

Lakini programu ile hubana kilichoandikwa kwenye orodha tu. Kisichoandikwa haikijui. Shikeni hapo.

Ukutani, juu ya meza, Shemeji alikuwa amebandika karatasi: GEUZA, FUTA, SONGA. Ukishabana, futa mafaili makubwa, nenda CD nyingine. Diski tuliyokuwa tukiijaza ilikuwa ya mteja, mwanamke tuliyemwita Mama Ukumbi. Alikuwa anafungua ukumbi wa gemu Jumamosi alasiri, akataka gemu mia tatu, naye angepita kuichukua siku hiyo hiyo saa nne asubuhi. Diski haikuwa na nafasi ya kubeba kitu mara mbili.

Mgeni wangu akatoa CD moja kwenye bahasha. Ilikuwa ya kuchoma nyumbani, na juu yake imegundishwa karatasi ya duara yenye maandishi ya kalamu: SPIKA.

"Ndiye nani?" niliuliza.

Akajigusa kifua.

Aliandika kurasa tatu, nami nikasoma kila aliyoyaandika. Zamani alikuwa na chumba cha gemu. Palikuwa na gemu ya mbio za magari, nzuri, ila nyimbo zake zilimchosha. Akaziondoa zote kumi na mbili, mahali pake akaweka sauti yake mwenyewe akitangaza mbio, nyimbo kumi na mbili kwa matangazo kumi na mawili. Watu walikuja kutoka mtaa wa tatu. Wengine hawakucheza, walikuja kumsikiliza tu. Ndipo wakamwita Spika.

Kisha likaja lile la kooni. Madaktari wakakata kilichopaswa kukatwa.

"Binti yangu alikuwa na wiki tatu," aliandika. "Sasa ana miaka sita. Hajawahi kunisikia. Anaanza shule Jumatatu, na ameshawaambia watoto wa jirani kwamba baba yake alizaliwa hivi."

"Hamna kwingine? Simu, kaseti?"

Akatikisa kichwa. Akaandika: "Mafundi watatu wameikataa hii CD. Inazunguka tu. Wewe ni wa nne, na mke wangu kasema ndiye wa mwisho."

Nilimwambia arudi Ijumaa na binti yake. Nilimwambia kwa ujasiri ambao, nikiukumbuka leo, natamani kujificha chini ya meza.

*

CD ilisomeka.

Ilichukua saa mbili na nusu, kwa kusuasua, lakini ikasomeka. Nikapata mafaili kumi na matatu, kwenye diski ile ile ya Mama Ukumbi: moja la gemu na kumi na mawili ya sauti. Niliruka kwenye kiti.

"Digrii, umeolewa?" Shemeji aliuliza kutoka nyuma. Digrii ndilo jina alilonipa.

"Imesomeka, Shemeji!"

"Mimi za kwangu husomeka kila siku, na siruki."

Nilipoitoa CD, ile karatasi ya duara ilikuwa imeachia kwa joto, na ilipoachia ikatoka na ngozi yote ya fedha, ile inayobeba sauti na gemu. Kilichobaki mkononi kilikuwa plastiki tupu. Ukiitazama unaona vidole vyako upande wa pili.

Sikujali sana. Kitu si kimeshaingia kwenye kompyuta?

Hapa ndipo penye aibu yangu, na naisema yote.

Mimi ni mtu wa usafi. Mafaili yale yalikuwa na majina mabaya ya namba, nikayapa majina mazuri, Mbio ya Kwanza, Mbio ya Pili, hadi ya kumi na mbili. Nilitaka baba yule ayakute yamevaa vizuri. Nikasahau kwamba orodha bado inayajua kwa majina ya zamani.

Programu ikagoma. Faili halipatikani.

"Digrii, ya ngapi hiyo?"

"Ya mia mbili na hamsini na tisa, Shemeji."

"Tangu asubuhi?"

Nikaingiwa na haraka. Nikafungua orodha, nikaifuta, nikaandika nyingine kwa mkono, mstari mmoja kama ilivyokuwa kwa gemu nyingi za siku ile. Mstari mmoja, faili la kwanza. Programu ikakubali, ikabana, ikaandika: imekamilika.

Nikaijaribu. Magari yakakimbia vizuri.

Sauti niliizima. Niliizima kwa makusudi, jamani. Nilisema moyoni: sikio la kwanza kuisikia sauti hii liwe la mtoto, lisiwe langu.

Kisha nikatii karatasi iliyokuwa ukutani. Geuza. Futa. Songa.

*

Ijumaa saa tatu walifika, yeye na binti yake. Mtoto alivaa sare mpya ya shule, siku tatu kabla ya shule.

"Wewe ndiye unayemtoa baba kwenye CD?"

"Ndiye mimi."

"Sauti yake nene au nyembamba?"

"Sijui. Nilikungoja wewe."

Akaridhika na jibu hilo. Alipanda kitini, akaweka mikono mapajani kama yuko ibadani. Baba yake alisimama nyuma, skafu imekazwa vizuri, na nikaona hajui pa kuweka mikono yake.

Nikafungua sauti, nikaanzisha mbio.

Injini zikanguruma. Magurudumu yakalia kwenye kona. Hizo ni sauti za gemu yenyewe, zinakaa kwenye faili la kwanza.

"Bado hajaanza?" mtoto alinong'ona.

"Ataanza."

Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili. Magari yakavuka mstari, moja baada ya jingine, hakuna aliyeyatangaza. Nikaanzisha mbio nyingine. Injini, magurudumu, basi.

Mtoto akageuka kumtazama baba yake. Hakuwa na hasira.

"Baba," alisema, "kumbe hata humo husemi."

Nilishaelewa kabla hajamaliza. Mstari mmoja. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja badala ya kumi na mitatu.

Niliwaambia pale pale, mbele ya mtoto, kwa sababu ningengoja ningetafuta uongo. Baba alisikiliza hadi mwisho. Aliandika neno, akalikata, akaandika jingine.

"CD?"

Nikampa ile plastiki. Akaiinua usawa wa uso, akamwona binti yake kupitia ndani yake. Akaiweka mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kuna njia moja," nilisema. "Kompyuta ikifuta kitu, haikitoi. Ni kama chumba cha kupanga. Jina la mpangaji limeondolewa mlangoni, lakini vyombo vyake bado vimo ndani, hadi aje mpangaji mpya. Tukiandika kitu kipya juu yake, ndiyo basi. Tusipoandika, huenda vimo."

"Umeandika mangapi tangu ulipofuta?" aliuliza kwa kalamu.

"Kumi na moja."

Alifumba macho.

"Nina programu ya kupekua. Itachukua hadi kesho mchana. Sikuahidi sauti, kaka. Nakuahidi hili tu: mpaka kesho saa sita mchana, hakuna kitakachoandikwa kwenye diski hii. Hata herufi moja."

Mtoto alinikazia macho. "Ni ahadi ya kweli au ya watu wazima?"

"Ya kweli."

*

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Alingoja watoke.

"Sema nimesikia vibaya."

"Shemeji, nilikosea mimi..."

"Gemu thelathini zimebaki! Mama Ukumbi anakuja kesho saa nne. Diski ni yake. Wewe umemwahidi mtu diski ya mtu?"

"Hadi saa sita tu. Masaa mawili."

"Na hizo thelathini nitazibana na kuziandika wapi, kiganjani?"

Niliwasha programu ya kupekua, nikaona ikiandika asilimia sifuri, nikatamani kuisukuma kwa mikono.

Jioni dada alinipigia simu.

"Mdogo wangu, mpe mwenzio diski yake afanye kazi."

"Dada, ikiandikwa ndiyo basi. Mtoto hajawahi kumsikia baba yake."

"Nami nina mtoto tumboni wa miezi minane, na baba yake anazunguka hapa kama kuku aliyekanyaga moto. Kazi ya yule mama ndiyo tuliyokuwa tunaitegemea."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeahidi. Roho yako nzuri, lakini unaitumia kwa vitu vya wenzio."

Dada yangu hajawahi kuniambia neno kali kuliko hilo, na bado nalitafuta kosa lake silioni.

*

Jumamosi saa mbili Shemeji aliingia na gemu thelathini kwenye flashi. Alikuwa amezibana mwenyewe nyumbani, macho mekundu.

"Inuka, Digrii."

"Shemeji, tafadhali."

"Kitu chako kimefika wapi?"

"Asilimia sitini na nane. Nimepata mafaili manne yenye ukubwa unaofanana na yale. Majina yamepotea, lakini ukubwa..."

"Umeyasikiliza?"

Nilikuwa nimesikiliza mawili. La kwanza lilikuwa mvumo mtupu, mvua juu ya mabati. La pili lilikuwa kinanda cha gemu nyingine kabisa, cha furaha, na furaha ile ilinikata maini. Haya mawili niliyanakili kwenye flashi yangu pamoja na mengine mawili, ambayo niliogopa kuyafungua.

"Mawili siyo," nilisema.

"Basi. Hayamo. Sikio la kufa halisikii dawa. Inuka."

Sikuinuka. Sikumtukana, sikumsukuma. Niliweka mikono miwili juu ya diski ile ndogo, ilikuwa ya moto, nikaikumbatia pale mezani kama mtu anayelinda sahani yake. Shemeji ni mkubwa kuliko mimi. Angeweza kunitoa kwa mkono mmoja. Badala yake uso wake ukachoka.

"Na yeye ukamweleze mwenyewe," alisema.

Mama Ukumbi alifika saa nne kasoro, funguo za gari mkononi. Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata sare ya shule.

"Sauti ya nani, msanii?"

"Hapana mama. Ya baba mmoja tu."

"Leo nina watu mia wanaingia ukumbini, unaniambia baba mmoja."

"Hadi saa sita, mama. Nakuomba."

Alimtazama Shemeji, akanitazama mimi, akatazama asilimia kwenye kioo cha kompyuta. Kisha, ndugu zangu, akatabasamu.

"Basi kaa nayo. Hadi saa sita."

Nilitaka kumwangukia miguuni. Shemeji akashusha pumzi, akasema ataandika gemu thelathini ndani ya nusu saa, ikigonga tu saa sita na dakika moja.

"Usijisumbue," mama alisema, bado anatabasamu. "Kuna kijana mtaa wa pili ana diski yake imejaa tayari, alinipigia jana nikamkatalia kwa sababu yako. Saa sita namtuma dereva achukue diski yangu. Ikiwa imejaa, ikiwa tupu, nitajua la kuifanya."

Funguo zikalia hadi nje.

Shemeji alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakupiga kelele. Aliibandua ile karatasi ukutani, GEUZA, FUTA, SONGA, akaikunja mara nne.

"Nilikuandikia hii ili usifikirie," alisema. "Kazi hii ukianza kuifikiria hufiki popote."

"Nisamehe, Shemeji."

"Nimekusamehe. Saa sita uchukue na begi lako. Kochi atalilalia mama mkwe wangu, mama yenu, anakuja kusubiri mtoto. Angekuja tu, lakini ningekutafutia godoro."

Nilibaki nimekaa. Asilimia themanini. Themanini na nne. Hakuna faili la tano. Shemeji alitoka, akarudi, flashi yake mfukoni, hakuigusa diski. Nadhani angeweza kuiandika wakati ule kwa hasira tu. Hakuiandika. Nilitaka mlijue hilo kumhusu.

Dereva aliingia saa sita kamili, saa ya ukutani ikiwa imenyoosha mikono juu. Ilikuwa asilimia tisini na moja.

"Nimetumwa diski."

Nikaichomoa mwenyewe. Nikampa mkononi.

*

Spika na binti yake waliponikuta nilikuwa kwenye ngazi ya nje, begi kati ya magoti, flashi kiganjani. Mtoto alikuwa na sare ile ile.

"Yumo?" aliuliza.

Ningeweza kusema yumo. Nyinyi mngesema nini? Barabara ilikuwa imejaa watu na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisikiliza isipokuwa huyu.

"Sijui. Yalikuwa kumi na mawili, nikapata manne. Mawili nimeyafungua, hayumo. Haya mawili sijayafungua. Na sina tena kompyuta ya kuyafungulia."

"Lakini ulisema hutaandika juu yake."

"Sikuandika."

"Hata herufi moja?"

"Hata moja. Mpaka saa sita."

Baba aliangalia begi langu. Aliangalia mlango wa duka, ambao Shemeji alikuwa ameufunga kwa ndani, halafu akaliangalia begi tena. Akaandika:

"Hiyo ahadi hukuniambia ingegharimu nini."

"Hukuniuliza, kaka."

Alifunga daftari. Alikaa ngazini kando yangu, mtu mzima na skafu yake, tukatazama miguu ya wapita njia.

Mtoto alinyoosha mkono. Nikampa flashi. Aliigeuza huku na huku, akatafuta pa kuanzia asipaone, mwishowe akaibana sikioni kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

"Mama," nilianza kumwambia mtoto, "haiwezi kusikika hivyo, inabidi..."

Akainua kidole kimoja, vile vile kama baba yake.